Mikono ya Masatu

Kijijini Guta wanasema mtoto hapewi jina, mtoto hujichagulia. Mwaka wa arobaini na saba Marcelina, mke wa Rafaeli, alijifungua mtoto wa kiume aliyelia siku tatu na kukataa kunyonya. Akina mama wakamzunguka, wakawa wanamtajia marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, wakisubiri jina litakalomnyamazisha. Wakataja babu, wakataja wajomba, wakataja hata mzee mmoja bahili ambaye hakuna aliyetaka arudi. Mtoto alizidi kulia. Mwishowe shangazi Lukresia, mwanamke asiyejua kuuma ulimi, akasema, "Limebaki moja, na nyinyi wote mnalijua." Akainama sikioni pa mtoto akasema, "Masatu." Mtoto akanyamaza, akalitafuta titi. Aliyeanza kulia sasa alikuwa Marcelina.

Masatu waliyemkwepa alikuwa baba mdogo wa Rafaeli, bingwa wa mieleka ambaye wachezaji walimfuata kutoka mbali ili waende kwao wakaseme walishawahi kuangushwa naye. Mwaka mmoja kabla, baada ya mavuno ya mtama, vijana wa Butiama walikuja Guta kucheza. Miongoni mwao alikuwamo mtu mmoja mwenye mke na watoto wawili, jina lake Makongoro. Masatu alimnyanyua, akamwangusha, kichwa kikatangulia. Waliokuwepo walisema shingo ililia ka, kama kijiti kikavu, kisha uwanja mzima ukanyamaza mpaka wakamsikia kuku akiparura nyuma ya nyumba. Makongoro hakuinuka.

Ni mchezo, na kwenye mchezo mtu anaweza kufa; watu wa Butiama wenyewe walisema hivyo. Lisilosameheka ni lililofuata. Masatu hakungoja hata maiti ifunikwe. Alikimbia. Hakwenda mazishini, hakutia udongo kaburini, hakutuma mtu wala neno. Miezi saba baadaye alikutwa amekufa kitandani kwake, mtu mzima wa afya, bila homa, mikono ameikunja kifuani kama anayeificha. Watu walisema amefuatwa. Halafu ndipo kikazaliwa hicho kitoto, kikalia siku tatu.

Padre alimbatiza Thadeo, na jina hilo likaishia kwenye kitabu cha padre. Kijiji kizima kilimwita Masatu. Wazee waliomjua yule wa kwanza walimtazama mikono kwanza ndipo wamtazame uso, na mtoto akakua akidhani hivyo ndivyo watu wote wanavyosalimiwa. Alipofika umri wa kukamatana na wenzake mchangani, mama yake alimvuta kando.

"Mikono hii siyo yako peke yako," Marcelina alimwambia. "Cheza mpira, ogelea, panda miti. Mieleka usiiguse. Usiiguse nikiwa hai, na nikifa usiiguse."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Masatu alilisikia. Alikaa pembeni miaka yote, mikono mfukoni, akiwatazama wenzake wakiangushana, akijidanganya kwamba hatamani.

Akahamia Musoma, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, akamwoa Ursula, akapanda mpaka kuwa mtunza stoo ya nyuzi. Ile miaka ya shida, sukari ilipokuwa habari ya kusimuliwa na sabuni ikikatwa kwa uzi, kila Jumamosi alipanda baiskeli kwenda vijijini kutafuta muhogo. Ursula hupenda kusema kwamba miaka ile angeweza kufulia nguo kwenye mbavu za mume wake. Kisha biashara ikafunguliwa. Unga ukaja mpaka dukani, mafuta ya kula yakaja, mitumba ikaja, na baiskeli ikatundikwa ukutani. Kitambi nacho kikaja, kana kwamba kilikuwa kikisubiri ruksa ya serikali.

Mwaka wa themanini na nane alianguka stoo, katikati ya marobota ya pamba. Nesi wa kiwanda, Dorotea, alimfunga mkono kile kitambaa cha kupimia presha, akaangalia, akafunga tena kwa kutoamini.

"Baba yako alikufa na miaka mingapi?"

"Arobaini na minne. Alipooza upande mmoja."

"Wewe una arobaini na mmoja," alisema Dorotea. "Hesabu unaijua, wewe ni mtu wa stoo. Dawa zenyewe leo zipo kesho hazipo. Tafuta mchezo, na uwe mchezo unaoupenda, maana usioupenda utauacha ndani ya wiki mbili. Nawajuaga nyinyi."

Akaanza kukimbia. Lakini mtu mzima akikimbia Musoma asubuhi, wenzake hawaoni mazoezi, wanaona msiba. Siku ya kwanza watu wanne walimsimamisha kumuuliza nani amefariki, na wa tano hakuuliza, alikimbia naye. Akajaribu ngumi kwa vijana wa karibu na soko. Pigo moja la sikio likamtosha, alisikia nyuki mpaka Jumatano. Akahamia karate, ambayo Mwalimu Clementi, askari mstaafu wa Jeshi la Kujenga Taifa, aliifundisha kwenye ukumbi wa shule. Vijana walikuwa wameona video, wote walitaka kuruka. Masatu aliinua mguu mara moja tu, suruali ikachanika toka mbele hadi nyuma, na kelele za karate zikawa za kicheko.

"Mzee, umebakiza mchezo mmoja," Clementi alimwambia. "Jumamosi saa tisa nafundisha judo. Watu wanashikana makoti, wanaangushana kwenye magodoro. Hakuna kurusha teke."

Masatu akahisi mikono inapata joto. "Hiyo si mieleka?"

Clementi aliudhika kabisa. "Mieleka? Mzee, hii ni judo! Ina mikanda, ina sheria, inatoka Japani!"

Ndivyo mtu mzima alivyojidanganya mchana kweupe. Mama yake alikataza mieleka, Japani hakuitaja. Masatu alirudi nyumbani akaupima ule mwiko kama anavyopima uzi stoo, akaona kweli haufiki Japani. Marcelina alikuwa ameshafariki, hapakuwa na wa kumuuliza.

Magodoro yalijazwa taka za pamba za kiwandani. Makoti yalishonwa kwa vitambaa vilivyokataliwa, tabaka mbili mbili, na fundi aliyeyashona alikuwa mwanafunzi mwenzake, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye cherehani sokoni. Wote walimwita Fundi. Naye Masatu wakamwita Stoo. Wiki tatu nzima Clementi hakuwafundisha kuangusha, aliwafundisha kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wa mviringo, mkono upige godoro kabla kichwa hakijafika. "Anayejua kuanguka hafi," alirudia mpaka wakachoka. Fundi alianguka vizuri kuliko wote. Masatu alianguka kama gunia.

Wiki ya nne wakashikana. Masatu alishika kola ya Fundi, na hapo hapo mikono yake ikajua. Siwezi kulieleza vinginevyo. Hakufikiri, hakukumbuka somo. Mkono mmoja ulivuta, mwingine ukanyanyua, kiuno kikaingia mahali pake, na Fundi akapita hewani akatua chali akicheka. Clementi aliuliza amejifunzia wapi. Masatu alitabasamu tu kama mjinga. Miaka arobaini alikaa pembeni, mikono mfukoni, kumbe raha yake ilikuwa hapa.

Akaanza kuishi kwa ajili ya Jumamosi. Presha ikashuka, Dorotea akapima mara mbili kwa kutoamini tena. Ursula alisema nyumbani kumekuwa na mwanamume mwingine, na huyu anaimba akioga. Na aliyempenda kuliko wote pale ukumbini ni Fundi, maana Fundi aliangushwa mara kumi na akaamka mara kumi anacheka, akidai tena.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Fundi alikuwa mwembamba, kilo hamsini na kitu. Ila kila mara alipokuwa hewani, kwa kitambo kifupi kabla hajatua, uzito uliokuwa mikononi mwa Masatu haukuwa wa Fundi. Ulikuwa wa mtu mzima, mnene wa mabega. Stoo nako, mchana, alijikuta mikono imekamata shingo ya robota na yeye hakumbuki kuisogelea. Kigogo cha kuviringishia uzi kikipasuka, ka, alitoka jasho. Alijiambia ni umri.

Mwezi wa sita Clementi akatangaza kwamba watacheza mbele ya watu Saba Saba. Alitaka majina kamili na mahali mtu anapotoka. Akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anaita mahudhurio.

"Masatu wa Guta atacheza na Makongoro wa Butiama."

Masatu aligeuka kumtafuta huyo Makongoro. Fundi alikuwa amesimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakumtazama usoni. Alimtazama mikono.

"Masatu yule?" Fundi aliuliza.

"Ni jina lake. Mimi nimelirithi."

"Na mimi nimerithi la babu." Fundi alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Bibi ananiitaga mume wangu. Nikishiba anasemaga mume wangu ameshiba. Nilipokuwaga mtoto hakutaka nilale chali. Nikilala chali tu hata nyasini, anakuja ananivuta, anapiga kelele niinuke. Mpaka leo nalalaga ubavu."

Masatu alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya godoro. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya mizimu. Alimwogopea Fundi. Aliona wazi kwamba wale marehemu wawili walikuwa wameshakutana, kwamba wanakutana kila Jumamosi saa tisa, na kwamba siku moja mikono ile itamaliza kama ilivyomaliza Guta. Saba Saba ikapita bila yeye.

Jumamosi saba hakwenda. Alirudi kwenye kiti chake cha stoo, kitambi kikarudi kumkalia mapajani, na mwezi wa nane Dorotea aliangalia kipimo akanyamaza. Ursula ndiye aliyesema.

"Ukicheza unaogopa kuua mtu. Usipocheza unakufa wewe. Mimi nitakaa na nani, Masatu? Nitaolewa na hilo jina?"

Siku hiyohiyo, kana kwamba wamepanga, Fundi alifika mlangoni pa stoo.

"Nilimwambia bibi," alisema. "Anakuita. Amesema uje Jumapili, na uje mchana watu wakuone."

Walipanda lori la pamba mpaka Butiama. Masatu alibeba kitenge na kilo mbili za sukari, na njia nzima aliviminya kifuani. Bibi Ghati, mjane wa Makongoro, alikuwa ameketi uani akianika muhogo juu ya jiwe. Mwanamke mkavu, mnyoofu, wa miaka sitini na kitu. Majirani walikuwa wameshajipanga kwenye ua, hakuna aliyejifanya amepita tu. Masatu akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

Bibi Ghati hakusema marahaba. Alimtazama mikono muda mrefu.

"Unaniamkia mimi?" alisema. "Tulikuwaga rika moja. Umekawia, Masatu."

Masatu akasukuma mbele kitenge na sukari.

"Sikukuitia sukari. Ulikimbia. Nilikaa pale na mtu wangu kichwa kimegeuka, nikasema atarudi, ni mtu, atarudi. Tukamzika, nikasema atakuja kutia udongo. Mvua ikanyesha kaburini, nikasema atakuja kiangazi."

"Bibi, mimi sikuwa nimezaliwa. Nina jina lake tu."

"Najua. Na huyu ni mume wangu kwa jina tu." Alimwonyesha Fundi kwa kidevu. "Lakini nyinyi ndio tulioachiwa sisi. Niseme na nani mwingine?"

Pale alipochuchumaa Masatu alimwonea huruma kuliko alivyopata kumwonea mtu, na alimwogopa vilevile. Bibi Ghati akafuta unga wa muhogo mikononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza maji:

"Mwangushe."

"Bibi!"

"Mwangushe hapo. Nataka nimwone akiinuka."

Masatu akasema hapana, akasema ardhi ni ngumu, akasema hapa hakuna godoro, akasema atafanya kingine chochote. Fundi alikuwa ameshasogea katikati ya ua. Alivaa koti la mtumba, la jeshi la nchi fulani ya baridi, lenye kola nene.

"Niangushe, Stoo," alisema polepole. "Najua kuanguka."

Masatu alikuwa bado anakataa alipoona mikono yake imeshashika kola. Mkono mmoja ukavuta. Mwingine ukanyanyua. Na ule uzito ukaja, wote, mtu mzima mnene wa mabega, mzito kuliko siku zote, na Masatu akajua kwa hakika kwamba hawezi tena kumshika wala kumwachia taratibu. Akapiga kelele. Fundi akapita hewani, akatua.

Sauti iliyosikika haikuwa ka. Ilikuwa pa, ya kiganja na mkono kwenye udongo. Nyuma ya nyumba kuku alikuwa anaparura.

Fundi hakuinuka. Alilala chali, macho wazi, vumbi likishuka juu yake. Masatu alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, nne, na miguu ikamwambia kimbia. Nasema kweli, iligeuka hiyo miguu, kisigino kimoja kikanyanyuka. Akakirudisha chini. Akabaki pale pale, mikono mbele, kila mtu akiiona.

Baadaye Fundi alieleza kwamba hakuumia. Alikuwa anatazama mbingu tu. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuachiwa azitazame akiwa chali pale kwao.

Kisha akaketi, akapiga chafya, akasimama akijipangusa vumbi. Bibi Ghati alikuwa ameshamfikia. Alimshika shingo, nyuma na pembeni, akaigeuza huku na huku kama anayechagua kibuyu. Akamshika mashavu. Kidogo kidogo uso wake ukabadilika.

"Kumbe ni mtoto," alisema. "Ni mtoto tu huyu. Mume wangu asingeinuka hivi. Alikuwaga mzito, aliinukaga kwa magoti." Akawageukia majirani kana kwamba wao ndio waliomficha. "Basi alikufa."

Akalia. Wanawake wakamsogelea, wakalia naye, na kilikuwa kilio kilekile cha siku ya msiba, maana hakikuwa kimewahi kumalizika. Fundi alisimama katikati yao akiwa amepoteza mke.

Jua lilikuwa limeelemea upande wa ziwa Bibi Ghati aliporudi mbele ya Masatu. Safari hii alimtazama usoni, akakunja macho, kama mtu anayejaribu kukumbuka mgeni.

"Na wewe ni nani?"

Masatu alifungua kinywa na jina halikutoka. Alilitafuta. Alilopata lilikuwa lile la kwenye kitabu cha padre, halijatumika, kama nguo iliyokaa sandukuni.

"Thadeo," alisema. "Mtoto wa Rafaeli, wa Guta."

"Basi niamkie."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Ndipo akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye mawe ya kaburi yaliyozama nusu ardhini, akamwachia konzi ya udongo kiganjani. Thadeo aliutia. Wakanywa chai yenye ile sukari, na lori la jioni likawarudisha Musoma.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa, alikuwa ukumbini kabla ya Clementi kufungua mlango. Alivaa koti lake, akafunga mkanda, akajikuta anacheka peke yake kwa hamu. Fundi akaja akasimama mbele yake, akamtazama usoni. Wakainamiana kama wanavyoinamiana Wajapani.

Fundi ndiye aliyeangusha, mara ya kwanza na ya pili na ya sita, na Clementi akaja kuuliza kama Mzee anaumwa. "Siumwi," alijibu Thadeo akiwa chali, akihema, presha yake ikishuka kama inavyotakiwa. Akainuka kwa magoti. Akashika tena kola ya Fundi, akaisubiri mikono ifanye kazi yake kama zamani. Mikono nayo, sasa yake peke yake, ikamsubiri yeye.